Sura ya Nne: Namba Arobaini na Moja

Mwizi aliyeingia Makumbusho ya Kamuthwa siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani, aliipita ngao ya ngozi ya nyati. Akaipita bangili ya pembe. Akaipita sime yenye ala nyekundu, ambayo mtalii mmoja aliwahi kuitajia bei ya ng'ombe watatu. Alichobeba ni mzinga wa nyuki: gogo kuukuu lililopasuka kutoka mdomoni hadi tumboni, ambalo hata nyuki wenyewe walilihama kabla ya uhuru.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, Sajenti Njoki wa upelelezi alisimama mbele ya rafu tupu. Vumbi lilikuwa limechora umbo la mzinga pale ulipolala kwa miaka. Kwenye ukingo wa rafu, namba yake ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe: 41.

"Hakuna kingine kilichopotea?"

"Sajenti, hilo umeniuliza mara ya tatu," alisema Mwalimu Kiende. "Tuna vitu mia sita na kumi na viwili. Jana jioni mimi na Gitari tulishika daftari, tukakagua kimoja baada ya kingine mpaka macho yakauma. Kilichokosekana ni mzinga. Andika hivyo."

Njoki akaandika. Kiende alikuwa ameipita miaka sabini, mwembamba kama ufito, sweta limefungwa vifungo vyote hadi kooni. Alikuwa amestaafu ualimu zamani, lakini sauti yake haikuwa imestaafu. Kando yake alisimama Gitari, mkulima wa viazi aliyejitolea kulinda mahali hapa kwa miaka kumi na mitano. Alikuwa akiipindapinda kofia yake kwa aibu.

"Nilienda kanisa, Madam. Saa nne mpaka saa saba," alisema Gitari. "Lakini nilifunga. Haki ya Mungu nilifunga. Kurudi, nikakuta mlango wazi."

"Naamini ulifunga." Njoki alikuwa amepiga magoti mlangoni, tochi mkononi. Kitasa kilikuwa cha chuma, cha aina ya zamani inayotaka ufunguo mrefu kama kidole cha kati. Hakikuwa na mkwaruzo. Wavu wa madirisha ulikuwa mzima. "Aliyeingia alifungua kwa ufunguo. Mnazo ngapi?"

"Mbili," akasema Kiende, akichomoa wake uliokuwa umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Gitari akautoa wake mfukoni. "Nyumba hii tumeijenga mwaka elfu mbili na nne. Tangu siku hiyo ni mbili tu."

Njoki alizaliwa upande wa Embu, huko Runyenjes, na alikuwa na miezi minane tangu ahamishiwe Buuri. Kimeru alikisikia vizuri, kwani hakiko mbali na Kiembu cha mama yake. Ila akiwa kazini alijibu kwa Kiswahili tu, ili kesho mtu asiseme hakuelewana naye.

"Nani anawachukia, Mwalimu?"

Kiende akamwonyesha dirishani. Pande tatu za kiwanja zilikuwa zimezungukwa na seng'enge mpya, na ng'ambo ya seng'enge trekta la manjano lilikuwa limeegeshwa, uso wake umeelekea makumbusho. "Anza na lile. Mzee Njagi alitupa robo ekari hii. Akafa. Mjukuu wake, Njeru, akaliuza shamba lote kwa kampuni ya maua, hiyo Nyota ya Buuri, na hii robo yetu ndani. Njeru mwenyewe ndiye wamemfanya msimamizi hapa. Alhamisi hii tuko kwa hakimu. Tukishindwa, trekta linaingia."

"Hati ya kupewa iko wapi?"

"Ilipotea. Ilikuwa kwa katibu wetu wa wakati huo, Muriuki. Alipoondoka mwaka elfu mbili na moja, faili alituachia, hati haikuwamo. Sasa ameapa kwa maandishi mbele ya wakili kwamba hati kama hiyo haijawahi kuwapo." Akatema neno la mwisho kama maganda ya muwa. "Kwamba sisi ni wavamizi."

"Nionyeshe nyumba. Kila chumba."

Wakaanza na kabati la mbao lililosimama peke yake kwenye kona, kufuli yake imeng'oka siku nyingi. Hilo ndilo lililokuwa makumbusho yote, mwaka elfu moja mia tisa sabini na tisa. Kiende akiwa mwalimu kijana wa darasa la tano, aliwaambia watoto kila mmoja alete kitu ambacho nyanya yake alikitumia na mama yake hakitumii tena. Watoto thelathini na wanne wakaleta vitu thelathini na kimoja: vibuyu, vyetezo, chano cha kupepetea wimbi, kengele za miguuni. Mwalimu mkuu akalalamika kwamba ngozi zinanuka. Miaka minne baadaye Mzee Njagi, aliyekuwa na mjukuu katika darasa lile, akawapa kiwanja pamoja na ghala la mahindi lililokuwa juu yake.

"Ghala lilitufaa miaka ishirini, mchwa wakitusaidia kupunguza vitu," alisema Kiende. "Halafu akina mama wa kikundi wakasema basi. Kila Jumapili baada ya ibada, kila mmoja alipanda kutoka mtoni na jiwe kichwani. Miezi kumi na mmoja. Kuta hizi unazoziona zimepita juu ya vichwa vya watu, Sajenti. Hakuna aliyelipwa. Mpaka leo hakuna anayelipwa. Na hakuna atakayetutoa."

 Njoki alikuwa amesimama kwenye meza ya kupokelea wageni, akitazama kitu kilicholala karibu na kitabu cha sahihi. Kilikuwa kengele ya mti, kubwa kama kopo la lita moja, yenye ulimi wa mti na kamba ya nyuzi zilizosokotwa.

"Hii ni namba ngapi?"

Kiende akaishika, akaigeuza chini juu. Haikuwa na namba. "Hii si yetu."

"Lakini jana mlihesabu."

"Tulihesabu kwa daftari," alisema Gitari polepole. "Kile hakiko daftarini hatukukiangalia."

"Basi mwizi wenu kabeba kimoja na kuacha kimoja," alisema Njoki, na akaitia kengele kwenye mfuko wa ushahidi. "Kengele kama hii huvaa nani?"

"Ngamia," alisema Gitari. Kisha akakohoa. "Madam, kuna kitu sijasema. Mama mmoja hakuenda kanisa, mtoto alikuwa mgonjwa. Anasema aliona pickup nyeupe hapa getini, saa tano hivi. Ni ya Abdikadir. Yule kijana wa kubeba miraa kutoka Laare. Watu wote wanasema ni yeye."

"Watu wote walikuwa kanisani," akasema Njoki. "Wameona nini?"

*

Alimkuta Abdikadir mchana huohuo Maua, akiwa amelala kwenye kiti cha dereva, milango wazi, miguu nje. Huku na huku wapakiaji walifunga mafungu ya miraa kwa majani ya mgomba, wakikimbizana na saa. Konstebo Riungu, aliyeendesha gari la polisi, alisimama nyuma ya pickup bila kuambiwa.

Njoki akauinua mfuko wenye kengele.

Kijana akaketi wima. "Mmeipata! Mwalimu ameipenda?"

"Anza mwanzo."

"Madam, mwanzo gani? Ni ya nyanya yangu, Dhahabo. Zamani akiteremsha mifugo kutoka Isiolo kuja soko la Ruiri, ngamia wa mbele alivaa hiyo. Amezeeka sasa, akaniambia peleka kwa Mwalimu, iwekwe karibu na kibuyu changu. Nikapeleka jana. Saa tano. Sikukumbuka ni saa ya kanisa."

"Nani alikufungulia?"

"Mlango ulikuwa wazi. Nikapiga hodi, kimya. Nikasema Gitari ako nyuma, choo labda. Nikaweka kwa meza, nikaenda."

"Watu wa Kamuthwa wanasema wewe ndiye uliyeiba mzinga."

Abdikadir akashuka kwenye gari ili asimame sawa naye. "Ndani ya ile nyumba kuna kibuyu cha maziwa, chumba cha pili, namba mia tatu na tisa. Kimeandikwa jina la nyanya yangu, herufi kubwa. Mimi nikiwa shule, watoto walikuwa wananiambia rudi kwenu. Mwalimu Kiende akanishika mkono akanionyesha lile jina. Akaniambia, kwenu ni hapa, imeandikwa. Sasa niambie, Madam. Nani anaibia nyumba iko na jina la nyanya yake?"

Mpakiaji mmoja alikuwa ameacha kufunga akisikiliza. Njoki akamkazia macho mpaka akainama.

"Ulipofika, hukuona mtu?"

"Niliona boda boda ikitoka getini. Amebeba gogo nyuma, amelifunga na mpira. Nikafikiria ni muuza kuni." Akapiga paji la uso. "Subhanallah. Ndio huo mzinga."

"Boda boda ilikuwa na alama gani?"

"Nyekundu. Mbele kuna manyoya ya kondoo, zile wanafunga kwa mikono kuzuia baridi. Alikuwa na hasira, anaongea na simu huku anaendesha. Anasema, 'Nimekuambia ndio namba yenyewe, mzee! Imeandikwa hapo!'"

Njoki akaacha kuandika. "Sema tena maneno hayo."

Akayasema tena, vilevile.

Walipokuwa wakiteremka kurudi Ruiri, Konstebo Riungu alisubiri kilomita tano kabla ya kuuliza. "Unamwamini, Sajenti?"

"Kengele ilikuwa mezani. Mwizi hachukui kitu kwa mkono mmoja na kutoa sadaka kwa mwingine." Akageuza ukurasa wa daftari lake. "Mwendesha boda boda alitumwa. Na hakutumwa mzinga. Alitumwa namba."

*

Jumanne asubuhi Kiende aliliweka daftari la vitu mezani, naye Njoki akalifungua kwa mikono yenye glavu. Lilikuwa zito kama tofali. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili za namba, moja kwa wino mwekundu, nyingine kwa wino wa buluu.

"Kwa nini mbili?"

"Nyekundu ni namba za ghalani, tulizipa kwa kufuatana na siku ya kupokea. Tulipohamia hapa tukapanga kwa vyumba, tukaandika upya. Buluu ndiyo ya leo."

Njoki akapitisha kidole. Mzinga wa gogo, buluu 41, nyekundu 188. Akaanza kupanda safu nyekundu kutoka chini, ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka. Gitari alikuwa ameacha kufagia.

"Nyekundu arobaini na moja," akasema mwishowe. "Sanduku la chuma la askari. Limeletwa na Mzee Njagi mwenyewe, mwaka themanini na tano. Sasa ni buluu mia mbili na tatu. Liko wapi?"

"Chumba cha pili. Njagi alitoka nalo vita vya Burma."

"Nani ana orodha ya namba za zamani?"

"Hakuna. Muriuki aliichapa kwa taipureta ya shule, nakala mbili. Moja ililiwa na mchwa. Nyingine..."

"Nyingine aliondoka nayo. Na huu mlango, Mwalimu? Mmeutengeneza pamoja na nyumba?"

"Wapi! Mlango ni wa ghala. Mwerezi mtupu, nani angeutupa? Tuliung'oa na bawaba zake na kitasa chake, tukaupachika hapa." Mkono wake ukapanda kwenye ufunguo shingoni. "Muriuki alikuwa na ufunguo wa ghala."

"Na bado anao, nadhani. Kwa nini Jumapili hii? Kwa nini si mwaka jana?"

Gitari ndiye aliyejibu. "Jumapili iliyotangulia ilitangazwa kanisani. Kwamba wiki hii tunasafisha vyuma vyote, tunatoa kutu, ndani na nje. Muriuki alikuwa amekaa kiti cha tatu."

Gitari na Konstebo Riungu wakalibeba sanduku hadi kwenye mwanga wa mlango. Ndani mlikuwa na blanketi la jeshi, sahani ya bati, mkanda mgumu kama gome. Njoki akavitoa kimoja kimoja, Riungu akivipiga picha. Chini kabisa sanduku lilikuwa limebandikwa gazeti, na gundi ya ngano ilikuwa imekauka ikawa ganda.

Njoki akainama mpaka pua yake ikakaribia karatasi. "Njagi alirudi kutoka Burma mwaka gani?"

"Arobaini na sita."

"Na alilileta sanduku kwenu themanini na tano. Gazeti hili ni la Oktoba, mwaka tisini na sita. Limebandikwa sanduku likiwa tayari mikononi mwenu, Mwalimu."

"Mwaka wa mchwa," alisema Kiende, sauti imeshuka. "Muriuki alisema atatafuta mahali pa chuma pa kuwekea karatasi muhimu. Mume wangu alikuwa anakufa hospitalini. Sikumwuliza tena ni wapi."

Njoki akapitisha wembe ukingoni mwa gazeti, taratibu. Chini ya gazeti palikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha ukurasa mmoja wenye mistari, umekunjwa mara mbili. Njoki akausoma kwa sauti, kwa kuwa alitaka Riungu na Gitari wawe mashahidi wa kila neno.

"'Mimi Njagi, askari wa zamani, nimetoa robo ekari pamoja na ghala lililo juu yake kwa makumbusho ya watoto wa Kamuthwa. Sikuuza. Nimetoa nikiwa na akili zangu. Mtoto wangu asidai. Mjukuu wangu asidai. Vitu vya wazee wetu visikose pa kulala.' Tarehe tatu Juni, elfu moja mia tisa themanini na tatu. Kidole gumba. Muhuri wa chifu." Akatua. "Mashahidi watatu. Wa tatu ni Muriuki, katibu. Ametia sahihi."

Kiende hakulia. Alipiga meza kwa kiganja mpaka kitabu cha wageni kikaruka. "Miaka yote hii! Tumeketi juu yake kama kuku juu ya yai la kioo!"

"Na mngeendelea kuketi," akasema Njoki, akiifunga bahasha ndani ya mfuko wa plastiki na kuandika namba ya kielelezo. "Mngetoa kutu ya nje, mngepangusa gazeti kwa kitambaa, basi. Hofu yake ndiyo iliyotuleta hapa."

*

Muriuki aliuza chakula cha mifugo mkabala na soko la Ruiri, na pembeni mwa duka palikuwa na kibao: Wakala wa Mashamba na Viwanja. Alikuwa mtu wa heshima, suti ya kijivu, miwani yenye kamba. Alimkaribisha Njoki kwenye kiti kizuri, mwenyewe akaketi juu ya gunia.

"Nasikia waliibiwa mzinga," alisema. "Pole yao. Mimi sijakanyaga huko tangu elfu mbili na moja, Afande."

"Najua. Nimekuja kwa jambo dogo. Nataka kuelewa vitu vilivyokuwako zamani, ila Mwalimu Kiende anasema orodha ya kwanza imepotea na hakuna mtu anayeikumbuka."

"Hakuna?" Miwani ikashuka puani. "Nani aliichapa? Nani alikesha na ile taipureta yenye 'r' iliyokatika? Kiende alikuwa anafundisha tu nyimbo. Kazi ilikuwa yangu."

"Ni vitu vingi, mzee. Miaka imepita."

"Nijaribu."

"Basi tuseme kuanzia thelathini na tano."

Muriuki akafumba macho. Akahesabu kwa vidole, sauti ikipanda kwa fahari. "Thelathini na tano, kinu cha mawe cha mama Kajuju. Thelathini na sita, fimbo ya mzee wa kiama, lile baraza la wazee. Thelathini na saba, kibuyu cha uji, kimeshonwa. Thelathini na nane, vishaufu, jozi. Thelathini na tisa, mtego wa kwale. Arobaini, pembe ya tandala ya kuitia watu. Arobaini na mbili, upinde bila..."

"Umeruka moja."

Macho yakafumbuka. Nje, mtu alikuwa akibishana juu ya bei ya pumba.

"Sikuruka."

"Pembe ni arobaini. Upinde ni arobaini na mbili. Katikati kuna nini?"

"Nimesahau."

"Hukusahau mtego wa kwale."

 Njoki akanyoosha mkono. "Funguo zako, tafadhali. Zote."

Akazitoa polepole. Kati ya funguo fupi za makufuli ulikuwamo mmoja mrefu kama kidole cha kati, mweusi kwa uzee.

"Huo ni wa ghala," alisema. "Ghala lilibomolewa."

"Ghala, ndiyo. Mlango hawakuutupa." Njoki akazitia funguo kwenye mfuko wa ushahidi. Konstebo Riungu alikuwa amezunguka uani, na sasa alitokea mlango wa nyuma, vumbi la pumba limemjaa mabegani.

"Mzinga uko huko, Sajenti. Chini ya magunia. Kuna pikipiki nyekundu pia, yenye manyoya mbele. Mwenyewe anaitwa Kiambi. Anasema mzee alimpa ufunguo, akamwambia kuna kitu chake humo, alete namba arobaini na moja, bila kumtajia ni kitu gani. Alipoleta mzinga, mzee alimtukana."

Muriuki akasimama, na heshima yote ikamtoka kama vumbi kwenye gunia. "Mnajua mnachokilinda? Nyumba ya vibuyu! Kampuni ingeajiri watu mia mbili. Vijana wanakaa vituo vya boda boda, na yule mwanamke anapangusa mafuvu ya ng'ombe!"

"Hayo ungeyasema mbele ya hakimu, na pengine angekusikiliza," akasema Njoki. "Wewe ulichagua kumwapia uongo. Sahihi yako iko juu ya hati uliyoapa kwamba haikuwapo. Riungu, msomee haki zake."

*

Habari hukimbia kuliko gari. Jumatano saa moja asubuhi trekta la manjano liliunguruma, likaivunja seng'enge, likaingia kiwanjani. Nguzo ya kona ya kiwanja cha makumbusho ikalala chini. Nyuma ya trekta alitembea Njeru, mjukuu wa Njagi, mtu wa miaka hamsini, buti safi, na vibarua kumi wenye mitaimbo.

Kiende alikuwa mlangoni, ameketi kwenye kigoda. Akina mama wa kikundi walikuwa wamekwisha kufika, kumi na tisa, wengine kwa mikongojo, wakajipanga mbele ya ukuta. Gitari alishika jembe la uma. Pickup nyeupe ya Abdikadir iliziba njia ya mbele.

"Mwalimu, ondoka," Njeru akaita. "Sitaki uumie."

"Nilikufundisha kusoma, Njeru. Nikikaa hapa unafikiri ni kwa kutojua trekta ni nini?"

"Kesi ni kesho. Mtashindwa."

"Basi kwa nini umekuja leo?"

Dereva akapunguza mwendo, akamtazama bosi wake. Hapo ndipo Njoki alipotoka ndani ya nyumba, utepe wa njano wa polisi mkononi.  Akafunga ncha moja kwenye bawaba ya mlango, akaanza kutembea. Akapita mbele ya akina mama, akazunguka pickup ya Abdikadir, akapita mbele ya pua ya trekta karibu kiasi cha kuhisi joto lake, akaendelea mpaka kiwanja chote kilichobaki kikawa ndani ya duara la njano. Akafunga fundo, akalivuta kuhakikisha.

"Hili ni eneo la uhalifu," akasema. "Limeandikishwa kwa OB, kitabu cha matukio cha polisi, namba hii hapa. Kuta, mlango, ardhi, kila kitu ni ushahidi katika kesi ya wizi na kiapo cha uongo. Atakayevuka utepe huu anaharibu ushahidi, na pingu ninazo. Trekta tayari limeingia kiwanjani. Dereva, una dakika moja ya kukosea kwa bahati mbaya."

Trekta likarudi kinyumenyume.

"Nani amekupa amri?" Njeru alifoka. "Hili ni shamba la babu yangu!"

"La babu yako, ndiyo." Njoki akatoa nakala ya hati iliyopigwa muhuri, akamkabidhi juu ya utepe. "Soma mstari wa nne. Kwa sauti, kama Mwalimu alivyokufundisha."

Njeru hakusoma kwa sauti. Midomo yake ilitembea tu. Alikaa juu ya mstari wa nne muda mrefu, kisha juu ya alama ya kidole gumba muda mrefu zaidi. Akaikunja karatasi, akawaashiria vibarua waondoke, akaondoka nyuma yao bila kumtazama mtu.

Alhamisi hakimu alipokea hati halisi, akasitisha ubomoaji mpaka kesi isikilizwe yote, na akaamuru kiapo cha Muriuki kipelekwe kwa waendesha mashtaka. Mawakili wa kampuni walisema watapinga muhuri wa chifu. Kiende aliwaambia pale kwenye ngazi za mahakama wapinge tu, yeye ameanza na kabati na hana haraka.

Jumamosi Njoki alikwenda kuurudisha mzinga, baada ya kupigwa picha na kuandikishwa. Alimkuta Njeru amesimama getini, peke yake, bila buti safi wala vibarua, amevua kofia.

"Nasikia sanduku lake liko hapa," alikuwa akimwambia Kiende. "La Burma. Sijawahi kuliona."

"Liko chumba cha pili."

"Naweza kuingia?"

Kiende akamtazama kutoka juu hadi chini, kisha akaelekeza kidole kwenye nguzo ya kona iliyolala nyasini, na seng'enge iliyojikunja kando yake.

"Kwanza simamisha ile."

Njeru akageuka kumtazama Njoki, kana kwamba sheria ingemsaidia. Njoki alikuwa anashughulika na mzinga. Mjukuu wa Njagi akavua koti, akalitundika kwenye lango, na Gitari akamletea sururu.